Daftari la wateja wako linakaa kwa nani?



Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaouza mtandaoni daftari tunalo, tena nene, ila halipo kabatini. Liko kwenye simu: namba za wateja tulizosevu, na kalenda ya nani anataka nini na siku gani. Swali langu leo ni moja tu. Hilo daftari linakaa kwa nani?

Kwa wengi wetu linakaa kwenye akaunti ya Google au iCloud iliyofunguliwa siku simu iliponunuliwa, mara nyingi na kijana wa dukani, kwa neno siri ambalo hakuna anayelikumbuka. Msimamo wangu ni huu: ukishafika wateja mia mbili hivi, au ukiwa unafanya kazi na mwenzako, daftari lako lihame. Likae nyumbani kwako, kwenye mashine yako, na simu zenu zichukue kutoka hapo. Pesa nyingi haihitajiki, wala digrii ya kompyuta. Ila kuna masharti, na asiyeyaweza ni bora asianze. Nitasema yote mawili.

MTAJI NI NINI HASA

Niko Bombo, Upare wa kusini, wilaya ya Same. Huku milimani biashara ni tangawizi. Mimi nakusanya kwa wakulima, dada yangu yuko Dar anapokea mzigo stendi ya Magufuli pale Mbezi na kuusambaza. Fremu hatuna. Duka letu ni stetasi ya WhatsApp na ukurasa wa Instagram.

Ukituuliza mtaji wetu ni nini, usidhani ni magunia. Gunia linauzwa linaisha. Mtaji ni kujua kwamba mwenye mgahawa wa Kinondoni anachukua kilo ishirini kila Jumatatu, kwamba muuza juisi wa Temeke anataka iliyokomaa na hataki changa, kwamba kuna mteja ukimpigia asubuhi unamuudhi. Mtaji ni kujua kwamba Ramadhani oda zinabadilika, na kwa kuwa mwezi wenyewe unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, huwezi kunakili kalenda ya mwaka jana ukatulia. Ni kujua kwamba Desemba watu wanapanda kuja nyumbani Upare na Kilimanjaro, na mteja wa Dar siku hizo hayupo Dar.

Simu ikiibwa unanunua nyingine. Daftari likipotea unaingia sokoni kama mgeni.

LINAVYOPOTEA BILA KELELE

Sisemi Google ni wezi. Mashine zao hazifi ovyo, na ulinzi wao ni mkubwa kuliko wangu na wako. Tatizo liko kwenye mlango wa kuingilia.

Akaunti inarejeshwa kwa namba ya simu. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na baadaye namba ile hupewa mtu mwingine. Sasa unasahau neno siri, mfumo unatuma kodi kwenye namba uliyoiacha zamani, na kodi inaingia kwenye simu ya mtu usiyemjua. Umeishia hapo.

La pili, ukibadilisha simu unafungua akaunti mpya kwa sababu ya zamani imegoma. Wateja wa zamani wamebaki kule. Google nao, tangu Desemba 2023, wana utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka miwili. Hawajakuibia, umewaachia wenyewe.

La tatu ni wale ambao hata kusevu hawasevu. Wateja wao wote wako DM. Mnaikumbuka Oktoba 4, 2021? Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa kama saa sita. Mwenye namba kwenye simu aliendelea kupiga na kutuma meseji za kawaida. Mwenye wateja wa DM alikaa kuangalia kioo. Kwa hiyo kabla ya seva, kabla ya chochote: toa mteja kwenye DM, msevu kwa jina lake, anachonunua, na mtaa wake.

NAMBA YA MTEJA NI AMANA

Kuna upande mwingine ambao hatuuongelei. Mteja akikupa namba yake na kukuelekeza mpaka mlangoni kwake, amekupa amana. Hajakupa ili uigawe.

Na hilo siyo suala la adabu tu, ni sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuisimamia. Jina, namba na anwani ya mteja ni taarifa binafsi. Msingi wa sheria unaeleweka hata bila wakili: chukua unachohitaji, kitumie kwa kazi uliyomwambia mwenyewe, kilinde, na usikae nacho kuliko inavyohitajika. Namba uliyopewa ili upeleke tangawizi siyo ya kuingizwa kwenye grupu la kuuza viatu, na siyo ya kumpa rafiki yako naye atangaze.

Sasa fikiria zile programu za mikopo ya haraka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Kilio cha watu kuhusu mikopo ya namna hii tunakijua: ukichelewa kulipa, wanaanza kuwatumia meseji watu waliomo kwenye simu yako. Wanawapata wapi? Ulipobonyeza "ruhusu" programu isome namba zako. Kwa mfanyabiashara, watu waliomo kwenye simu ni wateja. Deni ni lako, lakini meseji ya kukudhalilisha inaingia kwa mama mwenye mgahawa anayechukua kilo ishirini kila Jumatatu.

Na hapa niwe mkweli, maana wapo wanaouza habari ya seva ya nyumbani kama dawa ya kila kitu. Seva haikulindi na ruhusa uliyoitoa mwenyewe. Namba zikishashuka kwenye simu kutoka kwenye seva yako, programu yoyote uliyoiruhusu kusoma namba itazisoma zilezile. Seva inakuwa faida pale unapoingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, na kunyang'anya kila programu isiyohitaji namba. Tochi haihitaji namba za wateja. Gemu haihitaji. Kama una simu mbili, ya biashara isiwekewe takataka.

MASHINE YENYEWE

Neno "seva" linatisha bure. Seva ni kompyuta inayotunza kitu na kuwapa wengine wanapokiomba. Laptopu ya zamani iliyokaa kabatini, yenye kioo kilichopasuka, inatosha kabisa. Anayetaka kifaa kidogo anunue Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa pakiti ya sigara.

Simu na seva zinaelewana kwa lugha mbili za wazi: CalDAV kwa kalenda na CardDAV kwa namba za simu. Zipo miaka mingi na hazina mwenyewe wa kukudai kodi. Juu yake unaweka programu ya bure. Ipo Nextcloud, ambayo inabeba na mafaili na picha, ila kwa kazi yetu ni kukodi lori kubeba mfuko mmoja. Mimi napendekeza Radicale. Ni ndogo, na kila mteja inamhifadhi kama faili moja la maandishi. Hata programu ikifa kesho, faili lako linafunguka.

Hatua kwa ufupi, ili ukimwita fundi asikuzungushe:

1. Laptopu iwekwe Linux, na izuiwe kulala ukifunga kifuniko.

2. Iwekwe Radicale. Kabla ya yote itengenezewe jina la mtumiaji na neno siri, kisha iruhusiwe kusikiliza simu za humo ndani, maana mwanzoni husikiliza kompyuta yake tu. Mlango wake wa kawaida ni namba 5232.

3. Ruta iipe laptopu anwani isiyobadilika, la sivyo kesho simu zitaitafuta zisiione.

4. Simu ya Android inahitaji programu iitwayo DAVx5. Play Store inauzwa, F-Droid inapatikana bure. iPhone inazijua hizo lugha yenyewe, ila inasumbua seva isipokuwa na cheti cha usalama, ile kufuli unayoiona kwenye anwani. Mwenye iPhone amwambie fundi mapema.

5. Toa namba za wateja kutoka akaunti ya zamani kama faili la .vcf, liingize kwenye daftari jipya. Halafu badilisha kwenye simu sehemu ya kusevia namba mpya iwe daftari jipya. Hii wengi wanairuka, na unakuta wateja wapya wote wanaendelea kwenda kulekule walikokimbia.

Kwa wanaofanya kazi wawili, hapa ndo utamu ulipo. Nikiandika kwenye kalenda "Alhamisi, gunia mbili, Temeke, bado hajalipa", dada anaiona Dar bila kuniuliza. Gunia moja haliuzwi mara mbili.

UMEME NA MTANDAO JE?

Najua mnachosema: wewe uko milimani, umeme ukikatika seva yako inakuwa sinia.

Inazima, ndiyo, na hakuna kinachopotea. Hiki ndicho kitu kinachopendeza kwenye mfumo huu: kila simu ina nakala kamili ya daftari lote. Seva ikizimika kutwa nzima, unaendelea kusoma, kupiga na kuandika oda mpya. Ikiwaka, simu zinaipelekea mabadiliko na kupokea ya wenzao. Laptopu nayo, betri yake ikiwa nzima, inavumilia mkato mfupi bila kuzima.

Tena haina haja ya kuwaka usiku na mchana. Laptopu inayokula wati 15, ikiwaka muda wote, inamaliza kama yuniti 11 za LUKU kwa mwezi. Raspberry Pi ya wati 4 inamaliza kama yuniti 3. Ukiiwasha laptopu kwa muda wa saa mbili tu kila jioni, haifiki hata yuniti moja kwa mwezi mzima. Kwa biashara ya ukubwa wetu, kulinganisha madaftari mara moja kila jioni kunatosha. Wazazi wetu walifunga hesabu jioni kwa taa ya chemli na duka likasimama.

Bando? Simu na seva zikiwa kwenye Wi-Fi moja ya nyumbani, mazungumzo yao hayagusi bando. Na hata ukipitia intaneti, wateja 500 bila picha hawafiki MB moja. Stetasi moja ya video inakula zaidi.

Shida halisi ni mwenzako aliye mbali. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mtu wa Dar hawezi tu kugonga seva iliyoko Bombo. Fundi anaweza kukuwekea Tailscale, njia ya siri kati ya vifaa vyenu tu. Ina kiwango cha bure kwa matumizi binafsi, soma masharti yake. Kampuni hiyo inavikutanisha vifaa, lakini mnachotumiana kimefungwa na haikisomi. Usikubali fundi afungue mlango wa seva kwa dunia nzima eti ni rahisi. Rahisi kwake, na kwa wezi pia.

Na intaneti ikikatika kabisa? Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani. Siku kama hiyo mwenye seva nyumbani anaendelea kusawazisha na walioko naye ndani. Aliye mbali anasubiri, lakini nakala yake anayo mkononi.

MASHARTI MATATU

La kwanza: kusawazisha siyo kutunza nakala. Tafadhali lishike hili. Ukifuta mteja kwenye simu moja, kwa kubonyeza vibaya au mtoto akichezea, anafutika kwenye seva na kwenye simu zote. Mfumo umefanya kazi yake vizuri kabisa, na mteja hayupo. Kwa hiyo kila wiki nakili folda ya Radicale kwenye flashi mbili. Moja ikae kwako, moja kwa mtu unayemwamini, nyumba nyingine. Moto na mwizi haviulizi flashi ipi ni ya akiba. Kila flashi ifungwe kwa neno siri.

La pili: watu wawili wajue. Neno siri la seva liandikwe kwenye karatasi, liwekwe kwenye bahasha, likae pamoja na hati za familia. Ukiugua, biashara isigeuke kitendawili kwa mwenzako. Na diski ya laptopu ifungwe kwa siri tangu siku Linux inapowekwa, ili mwizi apate laptopu bila wateja.

La tatu: seva inataka kuangaliwa. Mara moja kwa mwezi weka maboresho ya programu, angalia nafasi ya diski, na jaribu kurudisha mteja mmoja kutoka kwenye flashi. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu ni matumaini tu. Angalia na betri ya laptopu: ikianza kuvimba, itolewe mara moja.

Jumla ni kama nusu saa kwa mwezi, na dakika tano kila wiki za flashi. Kama unajijua huna nidhamu hiyo, baki Google. Nasema kwa upendo. Seva isiyoangaliwa ni hatari kuliko akaunti ya Google yenye neno siri zuri.

NANI ASIHANGAIKE

Mwenye wateja hamsini anayeuza peke yake hahitaji seva. Anahitaji mambo matatu tu, na yanafanyika leo usiku.

Fungua sehemu ya namba kwenye simu, toa zote kama faili la .vcf, liweke kwenye flashi. Ingia kwenye akaunti yako, angalia namba ya kurejeshea. Kama siyo laini unayoitumia leo, ibadilishe. Kisha pita kwenye ruhusa za programu, uone ni nani mle ndani anasoma namba za wateja wako.

Mwenye mia mbili na zaidi, au mwenye mwenzake, afanye hayo matatu kwanza, halafu atoe ile laptopu kabatini.

Wapo watakaosema haya ni makuu, sisi ni wauzaji wadogo. Mimi naona kinyume. Kampuni kubwa ikipoteza orodha ya wateja ina matangazo ya televisheni ya kuwarudisha. Mimi na wewe tuna ile orodha tu. Mkulima wa huku Bombo havuni tangawizi yote akala. Anaacha mbegu, na hiyo mbegu haihifadhi kwenye ghala la mtu asiyemjua. Anaiweka nyumbani, anaikagua, iliyooza anaitoa. Namba za wateja ndiyo mbegu yetu.